Siwezi na Si Haki

Alfajiri ya tarehe 13 Julai 1942, nje kidogo ya mji mdogo wa Józefów nchini Poland, askari wa Kikosi cha 101 cha Polisi wa Akiba walishuka kwenye malori wakasimama nusu duara kumsikiliza kamanda wao. Kamanda huyo, Meja Wilhelm Trapp, alikuwa mtu mzima wa miaka 53 aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, na askari wake walimwita Baba Trapp. Asubuhi hiyo Baba Trapp alikuwa analia. Sauti ikimkwama, aliwaambia kwamba wamepewa kazi mbaya mno, kazi ambayo hata yeye haipendi, ila amri imetoka juu. Wayahudi wa Józefów, wapatao 1,800, wakusanywe. Wanaume wanaofaa kufanya kazi watengwe wapelekwe kambini. Waliobaki wote, yaani wanawake, watoto na wazee, wapigwe risasi.

Kisha akasema jambo lisilo la kawaida jeshini. Kama yuko yeyote kati ya askari wenye umri mkubwa anayejiona hataiweza kazi hiyo, atoke mstarini.

Kikosi kilikuwa na watu karibu 500. Waliotoka walikuwa kama 12. Kufikia usiku, watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa msituni, mmoja mmoja, muuaji akiwa amesimama hatua moja nyuma ya anayeuawa.

Tunajua habari hizi kwa sababu miaka ya 1960 waendesha mashtaka wa Hamburg waliwahoji askari 210 wa kikosi hicho, na baadaye mwanahistoria wa Kimarekani, Christopher Browning, akayasoma mahojiano yale na kuandika kitabu chake Ordinary Men, kilichotoka 1992. Ukikisoma kitabu hicho ukitegemea kukutana na mashetani, utaishiwa nguvu. Utakutana na makuli wa bandarini, madereva wa malori, mabaharia, wafanyakazi wa maghala, wahudumu wa migahawa, makarani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 39. Walikuwa na wake na watoto nyumbani. Ni watu waliokuwa wakubwa kiasi cha kuikumbuka Ujerumani kabla ya Hitler, na walitoka katika mji ambao haukuwa na sifa ya kuwa ngome ya Wanazi.

Mengi yameandikwa kuhusu wale karibu 500 waliobaki mstarini. Hilo ndilo swali kubwa na sidhani kama litakwisha. Lakini mimi, tangu nikisome kitabu kile, swali linalonikosesha usingizi ni la wale 12, na la wengine waliochomoka kimyakimya baadaye siku hiyo. Swali lenyewe ni hili: mtu anayekataa kutenda uovu, je, ana wajibu wa kusema kwa nini anakataa? Au kukataa peke yake kunatosha?

Kwanza tuondoe kisingizio cha kulazimishwa. Kila tunapozungumzia uhalifu wa kivita, kuna mtu lazima atasema, “Sasa wangefanyaje? Wangegoma wangeuawa wao.” Kwa Józefów maneno hayo hayana mguu wa kusimamia. Ruhusa ilitolewa na kamanda mwenyewe, mbele ya watu wote. Askari wa kwanza aliyetoka mstarini alifokewa na kapteni wake, na Trapp ndiye aliyemkinga. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyefungwa. Browning anakwenda mbele zaidi: katika mamia ya kesi zilizoendeshwa baada ya vita, hakuna mtuhumiwa wala wakili aliyeweza kuonyesha tukio hata moja ambapo mtu aliyekataa kuua raia wasio na silaha alipata ile adhabu kali ambayo kila mtu alidai ilikuwa ikimsubiri. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na askari wengi wamejificha nyuma ya maneno hayo. Lakini mjumbe hubeba neno. Aliyebeba bunduki akaifyatua huyo si mjumbe tena.

Kwa hiyo mlango wa kutokea ulikuwepo. Sasa tuutazame mlango wenyewe ulivyochongwa. Trapp hakuuliza, “Nani kati yenu anaona hili ni kosa?” Alichouliza, kwa maana yake, ni “Nani haliwezi?” Mlango ulichongwa kwa kimo cha mnyonge. Ili upite ilibidi uiname, ukubali mbele ya wenzako kwamba una upungufu. Na wale waliopita, waliinama. Walipohojiwa miaka 20 baadaye, wengi wa waliokwepa kuua walieleza kwamba walikuwa dhaifu mno kwa kazi ile. Wenzao nao waliwaita hivyohivyo, pamoja na matusi mengine ya kambini. Mmoja wa waliobaki alipoulizwa kwa nini alipiga risasi pamoja na wengine, jibu lake lilikuwa jepesi na la kutisha: hakuna mtu anayependa kuonekana mwoga.

Kiswahili kinalijua neno hili vizuri kuliko lugha nyingi. Pwani, ukimuulizia mtu ukaambiwa “hawezi”, hukumbuki kuuliza hawezi nini. Umeshaelewa kwamba anaumwa. “Siwezi” ni taarifa ya mwili wangu. Ukinialika shambani nikasema siwezi, sijalisema shamba lako vibaya. Shamba ni zuri, kazi ni halali, wewe ni muungwana. Mwenye kasoro ni mimi. Ndiyo maana ni neno la adabu. Humwachia mwenye wito heshima yake yote.

Sasa lipeleke neno hilo Józefów. Askari anayesema siwezi kumpiga risasi mtoto huyu amesema nini? Amesema kuna kazi hapa, inahitaji watu wenye nguvu, na mimi sina nguvu hizo. Amri imebaki imesimama wima. Tena imepanda cheo, maana kuua watoto kumekuwa kipimo cha uimara, na yeye ndiye aliyefeli mtihani. Browning ameligusa jambo hili: waliokataa kwa kudai udhaifu hawakuwatikisa wenzao, waliwathibitishia tu kwamba wao waliobaki ndio wanaume. Kwa lugha ya mitaani, waliwapa maua yao wauaji.

Mimi naona kuna jambo jingine tena, na hili limo ndani ya sarufi yenyewe. Itazame sentensi ya “siwezi”. Ndani yake kuna mtu mmoja tu, nafsi ya kwanza, mimi. Moyo wangu, tumbo langu, mikono yangu inayotetemeka, usingizi wangu wa kesho. Mtoto aliyelazwa kifudifudi kwenye majani hayumo. Sasa itazame hii nyingine: “Hawa hawana kosa.” Ghafla wameingia watu. Mimi sijatajwa kabisa, na sina haja ya kutajwa. Wanaouawa wamekuwa watenda wa sentensi, wenye hali yao, wenye haki ambayo mtu anaivunja. Siku nzima pale Józefów zilitamkwa “siwezi” nyingi. Za aina ya pili zilikuwa chache mno.

Na wakubwa waliijua tofauti hiyo hata kama hawakuisoma popote. Askari wawili walimwendea kapteni wao msituni wakamwambia kwamba hawawezi kuendelea kwa kuwa miongoni mwa wanaouawa wamo wanawake na watoto, na wao wenyewe ni baba wa watoto. Angalia walivyoichanganya: walianza na siwezi, lakini watoto wakapenya ndani ya sentensi. Kapteni akawajibu kwamba kama ni hivyo wanaweza kulala chini pamoja na hao wanaouawa. Baadaye sajini mmoja akawaruhusu kuondoka kimyakimya, pamoja na wengine wa umri wao. Udhaifu ulivumilika siku ile, mradi usitaje watoto.

Najua utakaloniuliza hapa, maana nimejiuliza mwenyewe. Yote haya si maneno matupu? Aliyekataa amekataa. Mikono yake ni safi. Yule mama wa Józefów angejali nini kama askari aliyetoka mstarini alisema siwezi au alihutubia kuhusu haki? Hoja hii ina uzito, tena ina uzito kuliko wanavyopenda kukubali waandishi wa makala kama hizi. Na ukweli mchungu zaidi ni kwamba wale 12 hawakuokoa mtu hata mmoja. Nafasi zao zilijazwa. Risasi ambayo huyu hakuipiga ilipigwa na aliyesimama kando yake. Kwa mtazamo wa aliyeuawa, usafi wa mikono ya huyu haukubadilisha kitu.

Lakini hapo ndipo hoja inapogeuka. Kama kukataa hakumwokoi mtu siku ileile, basi thamani yake kwa wengine iko wapi? Haiwezi kuwa kwenye risasi iliyopungua, maana haikupungua. Itakuwa kwenye kile ambacho kukataa huko kunawaambia waliobaki. Na kama kunawaambia “mimi mgonjwa, nyinyi wazima, endeleeni”, basi thamani hiyo nayo imemwagika. Kilichobaki ni faida ya mkataaji peke yake, faida ya kweli, sitaki kuibeza, ila ni yake mwenyewe na haivuki mpaka wa ngozi yake.

Kikosini alikuwepo mtu mmoja aliyejaribu njia nyingine. Alikuwa luteni wa akiba, mwenye biashara ya mbao ya familia huko Hamburg. Majina ya wengi katika kitabu yamebadilishwa kwa matakwa ya sheria za Ujerumani, kwa hiyo nami nitamwita luteni wa mbao. Usiku wa kuamkia siku ile, alipoelezwa nini kinakuja, alisema wazi kwamba hatashiriki katika operesheni ambayo wanawake na watoto wasioweza kujitetea wanapigwa risasi. Akaomba kazi nyingine. Akapewa kazi ya kuwasindikiza Lublin wale wanaume waliotengwa kwa ajili ya kambi. Baadaye alikataa tena, na mwishowe akarudishwa Hamburg. Hakuadhibiwa.

Usiharakishe kumjengea sanamu. Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu 1937. Kazi aliyoipokea badala ya kuua ilikuwa sehemu ya mashine ileile. Wale aliowasindikiza hakuwapeleka kwenye harusi. Mwenyewe, alipohojiwa, alieleza kwa ukweli ambao nauheshimu kwamba kwake ilikuwa rahisi zaidi. Alikuwa na biashara yake, hakuhitaji kupandishwa cheo, na biashara ilimfikisha nchi za nje ikampa upeo wa kuona mambo. Makapteni walikuwa vijana waliotaka kufika mbali katika polisi. Kwa maneno mengine, ujasiri wake ulikuwa na akiba benki. Kuli wa bandarini aliyesimama mstarini hakuwa na akiba hiyo.

Hata hivyo kuna kitu alichokifanya luteni wa mbao ambacho wale 12 hawakukifanya. Aliwataja wanaouawa. Alisema ni wanawake na watoto, alisema hawana cha kujitetea, na akalisema hilo kwa mkubwa mwenye masikio. Tangu usiku ule hakuna mkubwa aliyelisikia neno lake ambaye angeweza kudai kwamba jambo hili halikuwahi kuitwa kwa jina lake.

Sasa tumrudie Trapp mwenyewe, maana yeye ndiye “siwezi” kubwa kuliko zote. Siku nzima hakwenda msituni. Alibaki mjini, akihangaika huku na huko, akilia mbele ya watu. Alimwambia dereva wake kwamba kama mambo haya yatalipwa hapa duniani, basi Mungu awahurumie Wajerumani. Kumbe alijua. Machozi yake yalikuwa ya kweli, sina shaka. Lakini machozi ni lugha ya nafsi ya kwanza vilevile. Aliyalia maumivu yake ya kutoa amri, kisha amri akaitoa. Na machozi hayo, nadhani, yalifanya kazi mbaya kuliko ukali. Kamanda mkatili unaweza kumchukia ukagoma. Kamanda anayelia unamwonea huruma, unataka kumsaidia mzigo. Miezi miwili baadaye, kulipiza kisasi cha sajini mmoja aliyeuawa katika kijiji cha Talcyn, aliagizwa wauawe watu 200. Trapp akachagua Wapoland 78 wa kupigwa risasi, kisha askari wake wakaua Wayahudi wapatao 180 wa Kock ili kutimiza na kupitiliza idadi. Mwaka 1948 mahakama ya Poland ilimhukumu kifo, nacho kikatekelezwa. Alihukumiwa kwa ajili ya wale Wapoland wa Talcyn. Józefów haikuwa kwenye mashtaka.

Kuna pingamizi moja zito kutoka kwa mwanazuoni mwingine, Daniel Goldhagen, ambaye mwaka 1996 alitoa kitabu kilichotumia mahojiano yaleyale na kufikia hitimisho tofauti. Yeye anasema tusijidanganye na habari za shinikizo la kundi na woga wa kuitwa dhaifu. Watu hawa waliua kwa sababu waliamini Wayahudi wanastahili kufa. Chuki ilikuwa imeshawajaa kabla ya kuvaa sare. Kama ni kweli, basi “siwezi” zile hazikuwa kificho cha dhamiri. Zilikuwa zinasema ukweli mtupu: kinyaa cha damu, basi. Kama mtu anayekula nyama lakini hataki kuona kuku akichinjwa.

Sina ubavu wa kuwaamua wanahistoria wawili, nao wamejibizana kwa kurasa nyingi. Ila naona kwamba kwa swali letu, wote wawili wanatufikisha mahali pamoja. Iwe askari yule alijua ni dhuluma akaogopa kusema, au hakuona dhuluma bali damu tu, neno lililomtoka ni lilelile. Huo ndio ubaya wa “siwezi”. Ndani yake mwenye dhamiri na mwenye kinyaa wanavaa kanzu moja, huwezi kuwatofautisha, na hata wao wenyewe baada ya muda hawajui tena ni yupi kati yao yuko ndani. Dhamiri isiyotamkwa huzoea. Kikosi kilekile, ambacho usiku wa Józefów kilikunywa pombe kimya bila mtu kutaka kuzungumza, baada ya miezi michache kilikuwa kikiomba watu wa kujitolea kwenda kuwasaka Wayahudi waliojificha misituni, na mara nyingi wakajitokeza wengi kuliko waliohitajika. Mwisho wa kazi yake kilikuwa kimewaua kwa risasi Wayahudi wasiopungua 38,000, na kuwapakia 45,000 kwenye treni za kwenda Treblinka. Tunaambiwa penye wengi hapaharibiki neno. Pale palikuwa na wengi, na kilichokosekana ni neno.

Mimi ni mwandishi wa habari, naishi kwa maneno, kwa hiyo labda nayapa uzito kuliko yanavyostahili. Na sitaki kufananisha Józefów na kikao cha ofisini. Hakuna mfanano, na anayeulazimisha anawakosea waliokufa. Lakini ndimi zetu hazifundwi vitani. Zinafundwa katika siku za kawaida. Na katika siku za kawaida sisi ni mabingwa wa udhuru. Mtu anafukuzwa kazi kwa uonevu, tunaombwa tusaini barua, tunasema samahani nina safari. Jirani anadhalilishwa na mgambo mbele yetu, tunasema mimi presha, siwezi kuangalia mambo haya, tunaingia ndani. Tunao udhuru wa kila saizi. Pingamizi tunaliachia wakili na mchungaji siku ya ndoa.

Na udhuru mwingine ni halali, hilo nalikubali. Kuna serikali na kuna nyakati ambapo kusema “si haki” ni kujichimbia kaburi, na sina haki ya kumdai mtu shahada ya ushujaa nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Anayekwepa kuua kwa kujifanya mgonjwa ni bora mara elfu kuliko mzima anayeua. Kama mlango uliopo ni wa kuinama, inama upite. Ninachodai ni kidogo zaidi: mtu asiusahau ukweli kwa sababu tu hakuweza kuusema. Ajue ndani yake kwamba neno alilolitoa lilikuwa la kupitia mlangoni, na kwamba neno lenyewe liko pale, linamsubiri siku atakapopata mtu mmoja wa kumwambia. Hata kama ni mwenzake wa kitanda cha jirani kambini, usiku, kwa kunong'ona: wale hawakuwa na kosa. Watu wawili wakishalijua neno hilo, haliwi tena ugonjwa wa mmoja.

Mmoja wa askari wale aliwaambia waliomhoji kwamba siku zile hawakulifikiria jambo hilo hata kidogo. Ni miaka baadaye, alisema, ndipo walipotambua kweli nini kilitokea; na ni baadaye ndipo ilipomjia kwa mara ya kwanza kwamba haikuwa haki. Namwamini. Neno lilimfikia. Lilichelewa tu, na wale lililowahusu walikuwa wameshazikwa msituni.